Nani Alikoroma kwenye Ndoa ya Zaina

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya watu arobaini. (Kwa maneno. Nguo zenyewe ninazo, tulieni.) Wengi wao sikuwahi kuwaona hadi leo saa tisa mchana. Sasa wananijua. Wananijua vizuri kuliko mume wangu.

Naeleza polepole, maana rafiki yangu Chantal ameshaanza kunitumia zile picha za kucheka, na hata hajajua yeye mwenyewe anahusika vipi.

Kwa wasionijua: mimi ni Béatrice, napiga kamera hapa Kisangani. Ndoa, matanga, ubatizo. Wakiniita nashuka hadi Isangi kwa ndugu zangu wa mtoni. Kupiga ni rahisi. Kazi ngumu ni kukata na kuunga picha, ile montage, na kwa hiyo kazi natumia programu moja ya bure. Jina silitaji. Wale watu nimewakosea vya kutosha.

Bure kabisa! Hununui, hulipi kila mwezi, hakuna alama ya kampuni inayobaki katikati ya uso wa bibi harusi. Wameitengeneza watu waliotawanyika duniani, kila mmoja anaandika kipande chake akitoka kazini, kisha wanaiweka mtandaoni aichukue yeyote. Hata maandishi yake ya ndani yako wazi. Ukitaka unasoma, ukitaka unabadilisha.

Sasa mimi ni mtu wa mji huu. Anayenipa bure, naanza kwa kumtazama mikono. Mwaka mzima nimeitumia hivyo, kama mtu anayekula kwa jirani huku jicho liko mlangoni.

Bon. Wiki mbili zilizopita nilimpelekea Mama Zaina video ya ndoa ya binti yake. Mama Zaina ni mjane, wa zile familia za Waislamu za zamani za hapa, anauza vitenge sokoni. Kwa kuwa baba wa bibi harusi ameshafariki, aliyemwoza ni baba yake mdogo, Tonton Ramazani, fundi wa kushona kanzu. Mzee mpole, hana maneno. Ndoa ilifungwa pale pale nyumbani, sebuleni, sheikh katikati, Tonton pembeni yake.

Siku ya Jumapili familia nzima ikakusanyika kutazama. Wakaweka spika kubwa. Mimi nikakaa mbele kama mgeni wa heshima, na soda yangu. Sheikh akaanza hotuba ya ndoa, kuhusu subira, kuhusu wema kwa mke.

*Khrrrrrr… pyuuu.*

Watu wakatazamana.

*Khrrrrrr… pyuuu.*

Na kwenye picha ni nani anaonekana? Tonton Ramazani, kichwa kimeinama, macho yamefungwa.

Dada mmoja wa marehemu akapiga kofi. "Ramazani! Ulilala?"

"Mi sikulala," akasema Tonton.

"Na ile sauti iko ya nani? Ya sheikh?"

Watoto wakaanza kucheka. Wakubwa hawakucheka. Mama Zaina alikuwa ameuma midomo. "Shemeji," akasema, "mutoto wa kaka yako. Siku moja tu. Ulishindwa kukaza macho siku moja?"

Wageni waliokuwepo siku ile wakaulizwa kama walisikia. Wakasema jenereta ilikuwa inapiga kelele, hawakusikia kitu. Haikusaidia. Video ikazimwa pale pale, haikuwashwa tena. Tonton akachukua kofia yake, akatoka. Tangu siku ile hakukanyaga tena kwa shemeji yake. Wiki mbili! Watu waliokuwa wanakula pamoja kila Ijumaa.

Kesho yake asubuhi akaja kwangu, akasimama mlangoni bila kukaa. "Mama Béa, wewe ndo ulinipiga picha. Nililala?"

Nikafungua picha za asili, zile zilizotoka kwenye kamera moja kwa moja. Nikasikiliza hotuba yote. Kuna jenereta, kuna mtu anakohoa, kuna kuku. Kukoroma hakuna! Nikarudia mara mbili. Hakuna.

Nikachukua kamera mbio hadi kwa Mama Zaina. Akasikiliza, akanirudishia. "Umeifuta," akasema. "Wewe iko fundi. Ramazani amekuja kulia kwako, umeifuta."

Yaani nimekuwa mwongo mimi! Mimi!

Alors nikakaa, nikafikiri. Kwenye kamera sauti haimo. Kwenye video iliyomalizika sauti imo. Katikati kuna nini? Kuna programu tu. Programu ya bure. Ya watu nisiowajua. (Mnaona jinsi akili yangu inavyofanya kazi. Inatembea vizuri kabisa, ila inaelekea shimoni.)

Wale watengenezaji wana ukurasa wao ambapo watumiaji wanaandika matatizo. Nikaandika kwa Kifaransa, kwa herufi kubwa: NANI ANALALA NDANI YA PROGRAMU YENU? Nikaeleza kwamba wameingiza sauti ya mwanamume kwenye ndoa ya watu. Nikauliza wanasikiliza nyumba ngapi duniani. Nikamaliza kwa kusema hapa Kisangani sisi si wajinga.

Nilitegemea matusi. Wakanijibu: "Asante sana kwa ujumbe wako."

Mtu ukimtukana akakushukuru, ogopa! Nikazidi kuogopa. Nikatazama majina yao. Hakuna hata mmoja mwenye jina la mtu. Mmoja anajiita bundi na namba. Mwingine picha yake ni paka. Nimechezewa na paka!

Kisha maswali. Unatumia toleo gani? Kompyuta yako ni ya aina gani? Unaweza kututumia faili la kazi yenyewe? Naam! Hapo ndipo nilipowakamata. Wanataka faili! Nikawajibu: "Faili ya watu haitoki." Yule bundi akasema sawa, nisijali, na kama nina wasiwasi maandishi yote ya programu yako wazi, naweza kusoma mwenyewe. Akaniwekea njia ya kufika. Nikafungua. Kurasa juu ya kurasa, alama, mabano, nukta. Nikasema moyoni: mwizi mwenye akili anakuonyesha nyumba yake yote, maana anajua hutafika chumba cha mwisho.

Mwishowe mmoja wao, anaitwa Joris, akaandika kwamba kila mwezi wana mkutano wa wazi kwa video, yeyote anaingia. Njoo, akasema, tutazame kioo cha kompyuta yako pamoja, faili libaki kwako.

Mimi nikasoma hivi: wamesalimu amri.

Huo mkutano ulikuwa leo.

Ningeenda peke yangu, leo ningekuwa na aibu ya kimataifa tu, ningeizika kimya kimya. Hapana. Mimi nilitaka mashahidi. Asubuhi nikaenda kwa Mama Zaina: "Leo wale wazungu watakiri. Njoo usikie na masikio yako." Akanitazama kama anayetazama kitenge feki, lakini akaja. Nikampitia Tonton kwenye cherehani yake. Akavaa kanzu nyeupe, iliyopigwa pasi. Kama anaenda mahakamani! Wakakaa kwenye cyber ya Papa Déo, mmoja kulia kwangu, mmoja kushoto, bila kusalimiana.

Nikafungua kompyuta yangu. Na ili kila mtu asikie vizuri wakikiri, nikamwomba Papa Déo ile baffle yake, spika anayowekea mpira. Nikaichomeka. (Kumbukeni, hakuna aliyenilazimisha.) Wateja wengine wakageuza viti.

Saa tisa. Nyuso zikajaa kwenye kioo, vidirisha vidogo vidogo, watu arobaini. Yule paka alikuwa mzee mwenye miwani. Bundi alikuwa mama mjamzito. Kulikuwa na Mswahili mmoja pia, dada anaitwa Neema, yuko Dodoma, ndiye anayetafsiri maneno ya programu kwa Kiswahili. Joris akaniongelesha kwa Kifaransa safi.

"Karibu, Madame Béatrice. Tunashukuru umekuja."

"Sikuja kushukuriwa," nikasema. (Sentensi hiyo niliifanyia mazoezi mbele ya kioo cha chooni.)

Mama Zaina akanong'ona, "Uko na adabu kweli?"

Nikawafungulia kazi yangu, wakawa wanaona kioo changu chote na kusikia kila sauti inayotoka. Nikasogeza hadi kwenye hotuba ya sheikh. Nikabonyeza.

*Khrrrrrr… pyuuu.*

Kwenye ile baffle! Cyber nzima ikatetemeka. Tonton akainamisha kichwa.

"Mmesikia?" nikawauliza wale arobaini. "Huyo ni nani?"

"Tumesikia," akasema Joris. "Tafadhali, zima sauti moja moja. Kila mstari una alama ya spika pembeni."

Kwenye programu kama hii, kazi inapangwa kwa mistari. Mstari wa picha, mstari wa sauti ya kamera, mstari wa muziki. Nikazima wa kwanza. Nikazima wa pili. Nikazima wa tatu. Yote imezimwa! Nikabonyeza tena.

*Khrrrrrr… pyuuu.*

Nikasimama. Nawaambia nilisimama, nikanyoosha kidole kama wakili. "Mnaona! Nimezima zote! Hakuna hata sauti moja iliyowashwa na bado mtu anakoroma! Anatoka wapi? Anatoka kwenu! Tonton, umesikia? Mama Zaina, umesikia?"

Mteja mmoja akapiga makofi. Tonton akainua kichwa. Mama Zaina akamtazama shemeji yake kwa mara ya kwanza leo. Nikajiona nimeokoa familia.

Nikageukia kioo. Watu arobaini wenye adabu wananitazama.

Joris akakohoa. "Madame, na ule mstari wa nne?"

"Mstari gani?"

"Wa chini kabisa."

"Kwangu iko mitatu tu."

Wakatazamana, kama watu wanaotazamana kwenye video, kila mmoja anageukia upande usio sahihi. Hapo nikakumbuka kwamba kioo cha kompyuta yangu kilikufa chini. Ilianguka toka kwenye pikipiki tukitoka matangani kule Kapalata, na tangu siku hiyo upana wa vidole vitatu huko chini ni giza tupu. Nimeshazoea. Mimi sioni. Lakini wao wanaona kioo chote.

"Shika ule mpaka wa katikati," akasema Joris kwa upole, "uvute juu."

Nikavuta. Mstari wa nne ukapanda kutoka gizani, taratibu, kama maiti inayoelea. Mrefu! Juu yake pameandikwa jina, programu iliandika yenyewe: *Béatrice, sauti, 2.* Dakika hamsini.

Nikayaelewa mambo yote kwa mpigo. Ile siku ya kumaliza kazi, mchana wa joto, nilivaa kasike, ile ya masikioni, na mikro yake mdomoni nikarekodi maneno ya mwanzo: "Karibuni kwenye ndoa ya Zaina." Nilibonyeza kusimamisha. Nilidhani nilibonyeza. Halafu nilikuwa nimekula lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki, sahani mbili. Nikajiegemeza kwenye kiti. Nilipoamka nikafunga yote mbiombio, nikanakili video, nikapeleka bila kuisikiliza tena.

"Madame Béatrice," akasema yule mzee wa picha ya paka, kwa uangalifu sana, "inawezekana… kwamba ni wewe?"

"Hapana!" nikasema. "Ile ni sauti ya mwanamume!"

Na kumbe sauti ilikuwa bado inaendelea. Sikuisimamisha. Pale pale, mbele ya cyber nzima, mkoromo ukakwama, ukakatika, ikasikika sauti yangu safi kabisa: "Mmmh… Yesu wangu." Kisha simu ikalia. Mlio wangu wa simu, ule mnaoujua wote.

"Allô, Chantal? Apana, sikulala. Niko kazini."

Papa Déo aliweka kichwa juu ya meza.

"Ya Mama Zaina? Imeisha. Weee, ma chérie, pilau ile! Nyama niliitafuta na zoom ya kamera, sikuiona!"

Kulia kwangu Mama Zaina alikuwa anajipepea; mkono ukasimama. Sikugeuka. Shingo ilikataa.

Nikabonyeza kusimamisha. Haisimami! Nilikuwa nabonyeza kwenye dirisha la mkutano, siyo la programu. Kila nikibonyeza, kamkono kadogo kanatokea juu ya uso wangu kama mwanafunzi anayeomba kuongea. Joris akasema, "Ndiyo, Madame?" Nikabonyeza tena. Kamkono kakashuka. Nikaona hakuna njia, nikashika waya wa baffle, nikauchomoa.

Kimya. Alhamdulillahi, haleluya, vyote pamoja.

Nikavuta pumzi. Nikatazama kioo. Mbona wale watu bado wameinamisha vichwa wanasikiliza? Mbona yule mama mjamzito mabega yanamtetemeka?

Nilichomoa spika ya kwetu: mkutano ukahamia spika ndogo ya kompyuta, programu ikabaki bubu upande wetu tu. Kwao sauti ilikuwa bado inatiririka! Kwa hiyo sasa watu arobaini wananisikia nikisengenya, na mimi peke yangu ndiye nisiyejua ninasema nini.

Mmoja akauliza kitu kwa Kiingereza. Jina la Neema nikalisikia. Neema akaondoa mkono mdomoni. Alijitahidi, maskini. Akajibu maneno machache. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Dada, wanauliza nini?"

"Wanauliza unazungumzia nini."

"Na umewaambia nini?"

"Nimesema… chakula."

"Hiyo tu?"

"Mwanzoni ilikuwa chakula," akasema Neema.

Nikafunga kompyuta. Kwa mikono miwili, kama mtu anayefunika sufuria yenye nyoka.

Sasa kaa hapo kati ya watu wawili. Wa kwanza kuinuka alikuwa Tonton Ramazani. Nilidhani atanipiga, na ningemwelewa. Akarekebisha kanzu yake. Akamgeukia shemeji yake.

"Wiki mbili," akasema.

Mama Zaina akatazama sakafu. "Shemeji, unisamehe. Niliona macho imefungwa."

"Ilifungwa, ndiyo." Tonton akagusa kofia yake. "Nilikuwa naongea na kaka. Nilikuwa namwambia mutoto ameolewa, na mutu mwema, apumzike. Kama ningefungua macho ningelia mbele ya wageni."

Mama Zaina akajifunika uso na ncha ya kitenge. Mabega yake yakatikisika muda mrefu. Tonton akakaa tena, safari hii kiti cha karibu naye, wakabaki hivyo. Mimi nikajifanya nakunja waya. Waya wenyewe haukuwa wangu.

Kisha Mama Zaina akafuta macho, akanigeukia. Nikajua sasa ni zamu yangu.

"Béatrice."

"Mama."

"Nyama hukuiona?"

"Mama, ilikuwa… kamera ile zoom yake ni mbaya…"

"Ijumaa Ramazani anarudi kula kwangu. Na wewe utakuja. Utakaa kando yangu. Sahani yako nitapakua mimi." Akainuka, akaweka kitenge begani. "Na utaikula yote. Nataka nikuone unalala."

Tonton Ramazani alicheka. Mzee ambaye sijawahi kuona meno yake! Alicheka hadi kofia ikaanguka. Wakatoka pamoja, nikawasikia njiani bado anacheka, na Mama Zaina anamwigiza: *khrrrr, pyuuu*.

Nikatembea hadi nyumbani kwa miguu. Sikutaka toleka, waendesha baiskeli wanaongea sana, na Papa Déo ana wateja wengi.

Nilipofika nikawaandikia wale watengenezaji kuomba msamaha, kwa herufi ndogo. Nikawaambia ukweli: kwamba niliwashuku mwaka mzima kwa sababu walinipa kitu bila kunidai, na kwamba mwizi niliyekuwa namtafuta alikuwa amevaa kasike yangu. Jibu likaja kabla chai haijapoa. Joris anasema kosa lipo kweli, na ni lao: programu ikiwa inarekodi haionyeshi alama ya kutosha, mtu anaweza kusahau. Ameshafungua ombi la kuweka taa kubwa nyekundu katikati ya kioo. Bundi ameanza kuiandika. Neema anatafuta neno zuri la Kiswahili la kuweka chini yake.

Sasa wanaomba ruhusa yangu watumie rekodi ile kujaribia taa. Nimewapa dakika kumi na tano za kwanza. Baada ya simu, kitu chochote kisiguswe. (Chantal, tafadhali, wewe unakumbuka nilisema nini baadaye siku ile? Nijibu faragha.)

Na kwenye toleo jipya wanataka kuniandika kwenye orodha ya watu waliochangia. Jamani msicheke: wenzangu wameandika programu, Neema ametafsiri, na mimi, Béatrice wa Kisangani, nimechangia usingizi.